Masikio ya Mbwa: Jinsi ya Kuyasafisha na Kuyatunza

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Lakini masikio mengi ya mbwa yanayoharibika hayakuwa ya kufa. Huharibika kwa sababu mwenye mbwa alichelewa kuyatazama, au kwa sababu aliyatia dawa isiyofaa. Mbwa hufugwa ili alinde kuku, mbuzi na watu wakati wa usiku, na silaha yake ya kwanza si meno bali ni masikio. Mtu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde moja. Mbwa husikia hata zile zenye mitetemo ipatayo 45,000. Basi mbwa ambaye masikio yake yamezibwa na maradhi ni kama mlango usio na komeo.

JINSI SIKIO LILIVYOUMBWA

Njia ya sikio la mtu ni fupi na karibu imenyooka. Njia ya sikio la mbwa sivyo ilivyo. Kwanza hushuka chini, kisha hupinda na kuingia ndani ya kichwa, mfano wa kiko cha tumbako. Mwisho wake pana kiwambo, yaani ngozi nyembamba sana inayopokea sauti.

Umbo hili huleta mambo mawili. La kwanza, maji na taka zikiisha kuingia hazitoki upesi, na mahali penye joto na unyevu vijidudu na kuvu husitawi. La pili, mtu akitia kijiti ndani ya sikio, haitoi taka bali huisukuma mpaka kwenye pindo, na akizidi huweza kukitoboa kiwambo. Mbwa wenye masikio yaliyolala hupata taabu zaidi kwa kukosa hewa. Wale wenye masikio yaliyosimama hupata hewa, lakini nao hushambuliwa na kupe na nzi.

KUTAZAMA KILA JUMA

Yampasa mwenye mbwa kuyatazama masikio yote mawili mara moja kila juma, mchana penye mwanga. Sikio zima lina ngozi yenye rangi ya waridi hafifu, halina joto kali wala harufu mbaya. Nta kidogo ya rangi ya manjano au kahawia si ugonjwa, wala haina haja ya kuondolewa kila siku, kwa maana kusafisha kupita kiasi huichubua ngozi.

Dalili za ugonjwa ni hizi: mbwa hutikisa kichwa mara kwa mara, hujikuna sikio kwa mguu, hulia akishikwa, au sikio hunuka, huwa jekundu na kutoa uchafu.

KULISAFISHA SIKIO

Vitu vinavyotakiwa ni pamba au kitambaa laini kilicho safi, na maji yaliyochemshwa na kuachwa mpaka yawe vuguvugu. Katika nusu lita ya maji hayo hutiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni.

Mbwa na ashikwe na mtu anayemzoea, akisemeshwa kwa upole. Sikio liinuliwe, pamba ichovywe katika maji na kukamuliwa, kisha upande wa ndani upanguswe kutoka chini kuelekea nje. Mpaka wa kazi ni huu: pale jicho linapoona na ncha ya kidole inapofika bila kusukuma. Zaidi ya hapo mtu asiende. Kila sikio lipate pamba yake, ili ugonjwa wa upande mmoja usihamishiwe wa pili. Mwisho, sikio likaushwe kwa kitambaa kikavu. Hali kadhalika lifanyiwe hivyo kila mara mbwa anapooshwa au kutoka mtoni.

Dawa maalumu za kusafishia masikio ya mbwa huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Dawa hiyo hutiwa ndani ya sikio, shina la sikio husuguliwa polepole kwa nje, mbwa huachwa atikise kichwa, kisha taka iliyopanda hupanguswa. Lakini sikio lenye maumivu au usaha lisitiwe kitu cho chote kabla daktari wa wanyama hajalitazama. Huenda kiwambo kimekwisha kutoboka.

TAABU ZINAZOONEKANA MARA NYINGI

Kupe. Hawa hupenda kujificha ndani ya sikio. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole bila kuzungushwa. Asichomwe kwa moto wala asipasuliwe kwa vidole, kwa kuwa kupe hubeba maradhi.

Utitiri. Ni wadudu wadogo mno. Uchafu wao ni mweusi na mkavu, kama masalio ya kahawa, na mbwa hujikuna bila kupumzika. Huambukiza mbwa na paka wanaolala pamoja, kwa hiyo wanyama wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja. Kwa kuwa yai la mdudu huyu huchukua majuma matatu hivi kufikia utu uzima, matibabu hayakatizwi kabla ya muda ambao daktari ameuweka, hata kama mbwa aonekana amepona.

Mbegu za nyasi. Mbwa aliyekuwa mzima asubuhi, naye baada ya kukimbia vichakani aanza ghafula kutikisa kichwa na kulilaza sikio moja, huenda ameingiwa na mbegu yenye ncha. Mbegu hiyo huenda mbele tu, hairudi nyuma. Isichokolewe, daktari anacho chombo cha kuitoa.

Nzi. Nzi wanaouma hula ncha za masikio mpaka zikatoka damu. Vidonda vioshwe, mbwa apate dawa ya kufukuza nzi iliyo salama kwa mbwa, na samadi na takataka ziondolewe karibu na mahali anapolala.

Uvimbe wa damu. Mbwa anapotikisa kichwa kwa nguvu, mishipa hupasuka na sikio huvimba kama mfuko. Watu wengine hulitoboa kwa wembe. Hilo ni kosa, kwani damu hurudi tena na kidonda huingia uchafu. Daktari hutibu uvimbe, tena hutafuta kile kilichomfanya mbwa atikise kichwa.

MAMBO YA KUEPUKWA

Mafuta ya taa, mafuta machafu ya motokaa, spiriti na dawa ya kuogeshea ng'ombe visitiwe kamwe ndani ya sikio. Huunguza ngozi iliyochubuka, na dawa ya kuogeshea ng'ombe yaweza kumpa mbwa sumu. Hata dawa ya masikio ya watu isitumiwe bila shauri, maana baadhi yake hulipofusha sikio lisisikie tena kama kiwambo kimetoboka.

Daktari aitwe bila kukawia mbwa anapoinamisha kichwa upande mmoja, anapozunguka au kupepesuka, anapotoka usaha au damu, au taabu isipopungua kwa siku mbili. Hizo ni dalili kwamba ugonjwa umeweza kuingia ndani zaidi.

Tena ikumbukwe kuwa mbwa mwenye maumivu huweza kumwuma hata bwana wake. Watoto wasipewe kazi hii. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetoka mate mengi au kuuma ovyo asishikwe kabisa. Huenda ana kichaa cha mbwa, na habari ipelekwe kwa maofisa wa mifugo. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate sindano. Kwa sababu hiyo kila mbwa achanjwe kila mwaka.

Kazi yote hii haizidi dakika chache kwa juma. Atakayeifanya ataliona tatizo likiwa dogo, na usiku mgeni asiyealikwa akikanyaga jani kavu nyuma ya nyumba, mbwa wake atasikia.