Zoezi la Kusema Haliishii Oditwari

Wadogo zangu wa Katuba, hasa ninyi mnaodamka alfajiri kuwahi chuoni Kasapa, leo Yaya wenu anataka tuongee juu ya zile karatasi mnazotakiwa kuandika baada ya zoezi la kuzungumza Kiingereza. Mwalimu anasema: eleza ulivyojiona ulipokuwa unasema. Nimesoma kadhaa mlizonionyesha, na moyo umeniuma. Karibu zote zinaimba wimbo mmoja: niliona aibu, wenzangu walicheka, sarufi yangu mbaya, nitajitahidi. Sasa Kiingereza chenyewe kiko wapi hapo? Mmeandika habari za nyuso za watu, zoezi mmeliacha oditwari.

Aibu hiyo naijua inakotoka. Mtoto wa Katuba anaongea Kiswahili nyumbani, anasomeshwa kwa Kifaransa mpaka diploma, akienda kwa bibi anakuta Kiluba au Kibemba, halafu chuoni anaambiwa asimame mbele ya umati aseme lugha ambayo hakuisikia mtaani. Na tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wazazi nao wanakuuliza kila siku Kiingereza kimefika wapi. Ukitetemeka, mdogo wangu, una sababu.

Lakini hebu tuangalie zoezi moja kwa karibu. Wanafunzi wawili wanaigiza Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mmoja mfanyabiashara, mwingine mtu wa duane. Mfanyabiashara anataka kueleza kwamba magunia yake ya unga yamelowa njiani, aruhusiwe kuyafungua. Anafika kwenye kulowa, neno halipo. Anatupa la Kifaransa, darasa linacheka, anaishia kusema unga ni mzuri sana, na mazungumzo yanafia hapo. Jioni anaandika: "Nilikosa ujasiri."

Hapana! Ujasiri ulikuwa nao, ndiyo maana ulisimama. Ulichokosa ni neno moja na njia ya kulizunguka. Andika hivyo: nilitaka kusema magunia yamelowa, nikakwama, ningeweza kusema mvua ilinyesha na maji yameingia ndani. Mvua, maji, ndani: maneno hayo ya Kiingereza ulikuwa nayo tangu sekondari. Mistari miwili ya namna hiyo inakufaa kuliko ukurasa mzima wa kujilaumu, kwa sababu kesho unajua pa kuanzia.

Wengine mnaniambia: Yaya, mimi filamu naelewa, wimbo naelewa, mbona mdomo haufunguki? Hilo si lako peke yako. Mwaka 1985 Merrill Swain, mtafiti wa Kanada, aliandika juu ya watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa shuleni miaka mingi. Walikielewa vizuri sana, lakini wakisema na kuandika bado walikuwa nyuma ya watoto ambao Kifaransa ni lugha yao ya nyumbani. Hoja yake ni kwamba kusikia peke yake hakutoshi. Mtu anapolazimika kutoa maneno yake ndipo anapoliona pengo lake. Kwa hiyo pale ulipokwama mbele ya darasa ndipo penye somo. Pashike kabla hapajasahaulika.

Na hapa Lubumbashi kazi ya kusema, kusimama na kusema upya ina wenyewe. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilitunga michezo yake ya Kiswahili bila kuwaandikia waigizaji maneno. Mwaka 1986 Johannes Fabian, profesa wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, aliwauliza juu ya msemo kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima. Wakaugeuza mchezo. Walijadiliana, wakajaribu, wakarekebishana, wakajaribu tena, hadi ukachezwa kijijini Kawama na televisheni ikaurekodi. Hawa walikuwa watu wa jukwaa wenye majina mjini, na bado walirudia. Wewe wa mwaka wa kwanza unataka ipite mara moja tu?

Rudieni basi. Paul Nation, mwalimu wa New Zealand, aliandika mwaka 1989 juu ya zoezi rahisi: unasimulia habari ile ile kwa watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza dakika 4, wa pili dakika 3, wa tatu dakika 2. Ulimi unafunguka kwa sababu habari unaijua tayari na msikilizaji ni mpya. Halitaki kitabu wala umeme. Mnaweza kulifanya uani jioni, bukari ikiwa bado jikoni. Kupanga mawazo kwa Kiswahili kwanza si dhambi, mimi napenda kabisa. Ila dakika zikianza kuhesabiwa, Kiingereza tu.

Na anayemcheka mwenzake mwambieni akae awe msikilizaji wa tatu, kisha naye asimulie. Jumamosi hii chukueni zoezi lenu la mwisho, tafuteni sentensi iliyowakwamia, mniandikie mlivyoizunguka. Nitawajibu hapa hapa.