Dondoo Muhimu: Winchi ya Gari, Kamba au Waya?

Land Cruiser iliyozama kwenye tope jeusi la mbugani huhitaji winchi yenye kamba au waya unaoifaa njia.

• Penye tope na mchanga, chagua kamba ya sintetiki: ni nyepesi, huelea majini, na ikikatika hairuki kwa nguvu kama waya.

• Penye miamba mikali, bora waya.

• Usipitishe kamba mpya kwenye rola zilizokwaruzwa na waya wa zamani. Kosa hili ni la kawaida, na huikata kamba.

• Usishushe gari mteremko mrefu kwa kamba: breki iliyo ndani ya ngoma ya winchi huchemka, na Dyneema, sintetiki ya kamba hiyo, huyeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi.

• Shika waya kwa glavu za ngozi. Vijiwaya vilivyochomoza huchana kiganja.

• Kabla ya kuvuta, tandika koti zito juu ya waya, watu wakae mbali.

• Osha kamba kwa maji safi, mchanga usiile kwa ndani.