Ujasiriamali katika Sayansi ya Viumbe: Funzo la Mche wa Mgomba

Istilahi "ujasiriamali" imeundwa kutokana na maneno "jasiri" na "mali". Kwa mwanafunzi wa sayansi ya viumbe, ujasiri huo ni pamoja na kusema kweli kuhusu bidhaa yake.

Tuchukue mfano wa mche wa mgomba wa tishu, ambao ulianza kuenezwa kwa wakulima wa Kenya katika miaka ya 1990. Kijisehemu cha chipukizi hukuzwa maabarani, kisha miche huzoeshwa hali ya nje kitaluni kabla ya kuuzwa. Mche huo humfikia mkulima ukiwa hauna fukusi wala minyoo ya mizizi. Hata hivyo, ukipandwa katika udongo wenye vimelea vya mnyauko, waweza kuugua.

Hivyo basi, mche huo ni "safi", si "sugu". Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii atakayeyachanganya maneno haya mawili mbele ya wakulima wa Kabuchai, katika soko la Chwele, atauza msimu mmoja tu. Yafaa kila mradi wa mwanafunzi uambatane na maelezo ya Kiswahili ambayo mkulima ataweza kuyasoma na kuyahoji kabla ya kununua.