Mchezaji Akikimbia, Picha Haitulii

SWALI: Napiga picha za mechi za mpira. Mchezaji akinijia mbio, picha hutoka na ukungu. Nifanyeje?

JIBU: Huenda kamera yako inafunga fokasi mara moja tu, na mchezaji anaendelea kusogea. Chagua fokasi endelevu: kwenye Canon ni AI Servo au Servo, kwenye Nikon na Sony ni AF-C. Bonyeza kitufe cha shata nusu mapema, mfuate mchezaji kifuani bila kuachia kitufe, kisha piga mfululizo. Tumia eneo dogo la fokasi, kamera isije ikashika mashabiki walio nyuma. Kasi ya shata ianzie 1/1000 ya sekunde. Jua likishuka, pandisha ISO. Chembechembe zitakazotokea kwenye picha zinavumilika, lakini sura ya mfungaji iliyofifia haitengenezeki.