Saa Moja ya Sauti, Saa Sita Kitini

Tangazo la kazi ya kunukuu sauti mtandaoni litakwambia utalipwa dola 20 kwa saa. Lisome tena. Ni saa ya sauti, si saa yako. Rekodi ya dakika 60 humchukua mnukuzi mzoefu kama saa nne kuiandika yote. Anayeanza hutumia saa sita, saba, hata zaidi wazungumzaji wanapodakiana maneno. Gawa 20 kwa sita: unabaki na dola tatu na senti kidogo. Hapo hujatoa bando, umeme wala makato ya kutoa hela.

Sikuambii hivi ili uache. Nataka hesabu hiyo uipige kwa kila kazi kabla hujaigusa.

Anza leo. Chukua mahojiano ya redio ya dakika 10, washa saa ya simu, yaandike mpaka yawe safi kabisa, pamoja na kuyapitia upya. Umetumia dakika 70? Uwiano wako ni saba kwa moja. Kila bei ya saa ya sauti utakayotajiwa kuanzia sasa, igawe kwa saba. Kampuni ya TranscribeMe, kwa mfano, imekuwa ikitangaza malipo ya kuanzia dola 15 kwa saa ya sauti. Kwako hizo ni kama dola mbili kwa saa ya kukaa kitini. Ukikubali, ukubali ukijua.

Uwiano huo hushuka, na njia ya haraka ya kuushusha ni kuiacha mikono kwenye kibodi. Kila unapofuata kipanya ili kusimamisha sauti, sekunde zinakwenda. Tumia oTranscribe. Ni ya bure na hufunguka kwenye kivinjari, sauti na maandishi vikiwa dirisha moja. Esc husimamisha na kuendeleza, F1 hurudisha nyuma kidogo, F3 hupunguza kasi. Pedali ya mguu ya kusimamisha sauti inunue baadaye, kazi ikishakuwa ya kudumu. Wengi huinunua kwanza, halafu inakaa uvunguni.

Hedifoni ndiyo usiionee uchungu. Chukua ile inayofunika sikio lote. Neno moja usilolisikia vizuri litakurudisha nyuma mara nane.

Kama unaandika kwenye Word, zima marekebisho ya Kiingereza kabla ya kuanza kazi ya Kiswahili, la sivyo yatakugeuzia maneno huku umetazama pembeni. Kisha tengeneza vifupisho vyako: ukiandika "mhj" iwe "Mhojiwa:", ukiandika "wzf" iwe "Wizara ya Fedha". Kwa faili ndefu, hilo peke yake hukuokolea muda mwingi.

Sasa, majukwaa. Kabla hujajaza fomu, tafuta ukurasa unaotaja nchi wanazopokea. Mengi hayachukui watu kutoka kila nchi, na orodha hubadilika. Nchi yako haimo? Ondoka. Usitafute VPN, na usikodi akaunti ya mtu. Najua zinauzwa, Nairobi zimejaa kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini akaunti ikishtukiwa inafungwa na hela zikiwa ndani, na huna pa kulalamika kwa sababu jina si lako.

Nchi yako ikiwemo, utapewa mtihani. Wengi hufeli si kwa sababu ya kusikia, bali kwa kutosoma mwongozo wa uandishi. Kila kampuni ina wake. Hii inataka "mmh" na vigugumizi vyote viandikwe, ile inataka vifutwe. Hii inataka muda uwekwe kila msemaji anapobadilika, ile kila baada ya dakika mbili. Soma mwongozo mara mbili, uache wazi pembeni wakati wa mtihani.

Ukifaulu, usitegemee kazi kila siku. Kuna asubuhi utakayokuta orodha imebaki faili za sauti mbovu tu, zile ambazo wenzako wamezikimbia. Na kampuni inaweza kuondoka. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kazi za mtandaoni, ilisitisha shughuli zake Kenya, na vijana waliokuwa wakiishi kwa kazi zake wakakuta mlango umefungwa. Kwa hiyo toa hela kila zinapofika kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Usiziache huko kana kwamba ni benki.

Upwork na Fiverr ni biashara nyingine. Huko unajitafutia mteja mwenyewe. Upwork utanunua Connects ili kuomba kazi, na unazilipia hata usipojibiwa. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila unachopata. Weka makato hayo kwenye bei tangu mwanzo. Na usiandike kwamba unaweza kila kitu. "Nanukuu na kutafsiri mahojiano ya Kiswahili, pamoja na Sheng" inampata mteja haraka kuliko "mimi ni mchapakazi na mwaminifu".

Ukiombwa hela ili uajiriwe, funga ukurasa. Ada ya usajili, ada ya mafunzo, ada ya kufungua akaunti ya malipo, zote ni ndugu. Zile kazi za Telegram za kupenda video na kuanza kulipwa hela kidogo kidogo ni mtego huohuo. Wanakulipa mwanzoni ili uweke kubwa baadaye.

Kuna jambo la mashine ambalo huwezi kulikwepa. Tangu OpenAI ilipotoa Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, mwezi Septemba 2022, Kiingereza safi kilichorekodiwa studio kinaandikwa na kompyuta ndani ya dakika chache. Bei za kazi hiyo haziwezi kurudi juu. Kazi nyingi zinazobaki ni za kusahihisha rasimu ya mashine, na hulipwa chini zaidi. Ukizipokea, sikiliza sauti yote, usisome maandishi tu. Whisper inajulikana kwa kutunga sentensi mahali ambapo watu wamenyamaza, na sentensi hizo huwa zimenyooka kiasi cha kukudanganya.

Ndiyo maana nakusukuma upande mwingine. Nenda pale mashine inapojikwaa: kikundi cha akina mama wanane chini ya bati, mvua inanyesha, mmoja anaanza kwa Kiswahili, anapitia Kidigo, anamalizia kwa Kiingereza cha kliniki. Hapo wewe una kitu ambacho kompyuta bado haina. Ukijua Kisukuma, Kidholuo au Kiswahili cha Goma, una kitu ambacho hata wanukuzi wenzako wengi hawana. Usiiuze lugha hiyo kwa bei ya Kiswahili.

Wateja wa kazi hizi hawako mbali. Ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliorudi kutoka uwandani na mahojiano 30 kwenye simu na hawana muda wa kuyaandika. Ni miradi ya utafiti wa afya, kama inayofanyika Ifakara, Kilifi au Kisumu. Ni mashirika yanayofanya tathmini ya miradi, na watengenezaji wa filamu za hali halisi wanaohitaji manukuu chini ya picha. Hao huwapati kwa kungoja. Ingia kwenye tovuti ya idara ya chuo, tafuta mtafiti anayeshughulika na mahojiano, mwandikie barua pepe ya mistari mitano: unafanya nini, lugha zipi, bei kwa dakika, unakabidhi kwa siku ngapi, na sampuli umeiambatisha.

Sampuli itengeneze kutoka kwa kipindi cha redio kilichokwisha kurushwa. Usitumie kazi ya mteja mwingine kamwe, hata ukifuta majina. Profesa akiona umemwonyesha mahojiano ya mtafiti mwenzake, atajua na yake yatakwenda wapi.

Na siri ndiyo nusu ya kazi hii. Mhojiwa ametaja hali yake ya VVU, au jina la bosi aliyemdai rushwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Faili za utafiti usizipakie kwenye programu ya bure ya mtandaoni ili ikupe rasimu, mpaka mteja akubali kwa maandishi. Whisper unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako ikafanya kazi bila intaneti, lakini hata hapo uliza kwanza. Usinukuu kwenye saiba. Ukimaliza na kulipwa, futa, na umwambie mteja kuwa umefuta.

Bei itoe kwa dakika ya sauti. Mteja akisema "kwa ukurasa", mtaishia kubishana kuhusu nafasi kati ya mistari. Na usitoe bei kabla ya kusikiliza. Fungua dakika tatu za mwanzo, tatu za katikati, tatu za mwisho. Mwanzo huwa safi kila mara, kwa sababu mtafiti anajitambulisha akiwa karibu na kinasa. Bodaboda na watoto huja katikati.

Majadiliano ya kundi yatoze zaidi ya mahojiano ya watu wawili. Kutambua nani anasema nini ni kazi yenyewe. Na kama sauti ni ya Kiswahili na mteja anataka maandishi ya Kiingereza, hizo ni kazi mbili, kunukuu na kutafsiri. Ziandike mistari miwili kwenye ankara. Akitaka punguzo, punguza wingi wa kazi au ongeza siku za kukabidhi. Bei yenyewe iache.

Usipolisikia neno, weka muda na uandike kuwa halisikiki. Usibahatishe. Jina la dawa au kiasi cha fedha ulichokisia kinaweza kuingia kwenye ripoti.

Upande wa kupokea hela, jipange kabla ya kazi ya kwanza. Hakikisha aina ya akaunti ya PayPal inayopatikana nchini mwako inaruhusu kupokea, maana kuna nchi zinazoruhusiwa kulipa tu. Kenya unaweza kuhamisha kutoka PayPal kwenda M-Pesa, huduma iliyoanza 2018, ila kiwango cha kubadilishia dola kiko chini ya kile unachokiona kwenye habari. Payoneer kwenda benki ni njia nyingine. Linganisha kwa kiasi utakachokitoa kweli, kwa kuwa makato ya dola 30 na ya dola 300 hayafanani.

Taasisi ya hapa itakuomba namba yako ya kodi: PIN ya KRA kwa Kenya au TIN ya TRA kwa Tanzania. Uwe nayo tayari. Usishtuke wakikata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Omba cheti chake na ukitunze, kitakusaidia ukijaza ritani. Hela za nje nazo ni mapato, ziandike kwenye daftari lilelile.

Mteja mpya atangulize nusu. Kwa taasisi ambayo taratibu zake haziruhusu, kabidhi kazi kwa mafungu: mahojiano matano, ankara, matano mengine. Tarehe ya malipo iwe kwenye barua pepe, si kwenye simu. Ikipita siku saba, tuma ujumbe mfupi usio na samahani hata moja: "Habari za kazi, Dkt. Mahojiano matano ya fungu la kwanza nilikukabidhi tarehe 3, na malipo yalikuwa yafanyike tarehe 17. Naomba kujua yataingia lini ili nipange fungu la pili." Kisha fungu la pili usiliguse mpaka ujumbe wa benki uingie.