AMANA YA UMEME: KOMPYUTA INAVYOLAZA NA KUAMSHA VIFAA VYAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.



Ramadhani iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alitega alamu ya daku kwenye simu ya nyumbani. Alilala ikiwa na chaji zaidi ya nusu. Alamu haikulia. Walipoamka, jua lilikuwa karibu kuchomoza na simu imezimika. Swala waliiwahi, daku hawakuiwahi, na nyumba nzima ilifunga hivyo hivyo, bibi yao akiwemo. Kijana alilaumiwa kuwa alicheza na simu usiku. Aliapa kuwa hakuigusa, kisha akatuletea. Somo letu la mwaka huu ni jibu la swali lake: nani aliyemaliza chaji?

1. KENELI NI NINI?

Ndani ya kila kompyuta na simu kuna mfumo endeshi, na kiini cha mfumo huo huitwa keneli. Keneli ndiyo inayogawa kazi kati ya programu na vifaa, kama vile kioo, spika, kamera na antena. Keneli maarufu ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Simu za Android hutumia keneli hiyo.

Kila kifaa kina programu yake ndogo ya kukiendesha, nayo huitwa dereva. Dereva huyu ndiye anayejua namna ya kukilaza kifaa chake na kukiamsha.

2. DARAJA ZA USINGIZI

Kifaa kilicho macho kabisa huwa katika daraja ya D0, na kilichozimwa huwa D3. Katikati zipo D1 na D2, ambazo si kila kifaa kinazo. Daraja hizi zimo katika kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba.

Usingizi ukiwa mzito, umeme mwingi zaidi huokolewa, lakini kuamka nako huchukua muda zaidi. Kwa hiyo si busara kukilaza kifaa kila kinapotulia kidogo. Kwa vifaa vya USB vilivyoruhusiwa kulazwa, kawaida ya Linux ni kusubiri kwanza sekunde 2.

3. HESABU YA WATUMIAJI

Keneli hujuaje kwamba kifaa hakihitajiki tena? Mwaka 2009 toleo la Linux 2.6.32 lilitiwa utaratibu wa kulaza kifaa kimoja kimoja wakati kompyuta yenyewe ingali kazini. Mwandishi wake mkuu ni Rafael J. Wysocki. Msingi wake ni hesabu nyepesi.

Chukueni mfano wa taa ya darasa letu. Anayeingia anaongeza 1, anayetoka anapunguza 1. Hesabu ikifika 0, taa inazimwa. Keneli hufanya hivyo kwa kila kifaa. Anayekihitaji husema "nimechukua", akimaliza husema "nimerudisha".

Makosa hutokea kwa namna mbili:
(a) Mtu akichukua asirudishe, hesabu haifiki 0 kamwe. Kifaa hukesha bila kazi mpaka betri iishe.
(b) Mtu akirudisha mara mbili, hesabu hufika 0 wakati mwenzake bado anatumia. Kifaa hulazwa, na haki ya mwenzake hupotea.

Angalieni hapa: keneli haina njia ya kujua nani mkweli. Inaamini hesabu tu. Utaratibu wote umejengwa juu ya uaminifu wa aliyechukua.

4. MZAZI NA MWANA

Vifaa pia vina mpangilio. Flashi huchomekwa kwenye tundu la USB, na tundu hilo husimamiwa na kifaa kingine kilicho juu yake. Kilicho juu huitwa mzazi, kilicho chini huitwa mwana. Kwa kawaida mzazi halali mpaka wanawe wote walale, na wakati wa kuamka yeye hutangulia. Ni kama mwenye ufunguo wa madrasa: wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka.

5. KUMBE ALAMU HULIAJE?

Simu yote inapolala, prosesa husimama, lakini saa ndogo ya ndani huendelea kuhesabu kwa umeme mchache sana. Wakati ukifika, saa hiyo hupeleka ishara ya kuiamsha prosesa, na alamu hulia. Betri ikiwa tupu, hakuna wa kuamshwa.

Programu nazo zaweza kuiomba simu isilale mpaka zimalize kazi. Mwaka 2015 Android 6.0 ilileta utaratibu uitwao Doze, ambao huyapuuza maombi hayo simu ikiwa imetulia, haiko kwenye chaja na kioo kimezimwa. Alamu ya saa huachwa ilie. Lakini programu ambayo mwenye simu ameiruhusu kutumia betri bila kizuizi huweza kuendelea kukesha.

Tuliichaji simu ile, tukafungua mipangilio, sehemu ya betri, panapoonyeshwa kila programu imetumia kiasi gani. Programu moja ilikuwa imekula karibu chaji yote, nayo imeruhusiwa bila kizuizi. Baba yake kijana alikumbuka kuwa ni yeye aliyebonyeza "Ruhusu" bila kusoma. Alimwomba mwanawe radhi mbele yetu.

6. MAFUNZO

Kwanza, amana hurudishwa kwa mwenyewe, kama tulivyoamrishwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 58. Mashine haina dhambi wala thawabu, lakini aliyeandika programu na aliyeiruhusu wataulizwa.

Pili, israfu imekatazwa katika Surat Al-A'raf, aya ya 31. Umeme ni neema, nao unalipiwa.

Tatu, Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inatuonya tujiepushe na dhana nyingi. Wazazi, tuchunguze kabla ya kulaumu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya D0 na D3.
2. Watumiaji 3 wamechukua kifaa, 2 wamerudisha. Je, kifaa kitalazwa? Kwa nini?
3. Kati ya mzazi na mwana, nani huamka kwanza?
4. Leo, pamoja na mzazi wako, angalieni sehemu ya betri katika simu ya nyumbani. Programu ipi inakesha bila kazi?

Wabillahi Tawfiiq.