Geji ya Petroli Ikisema Uongo

Wewe mkulima uliyenunua pikapu iliyotumika ili ikupelekee maziwa na viazi sokoni, somo hili ni lako. Tangu skimu za makazi zilipoanza, mkulima wa Ol Kalou, Dundori au Molo amejua taabu moja: mavuno anayo, lakini soko li mbali. Gari ni msaada mkubwa. Lakini magari mengi yaliyotumika yana ugonjwa ambao watu huudharau, nao ni mshale wa petroli usioaminika. Asubuhi huonyesha tanki limejaa. Ukifika barabara ya lami huonyesha hamna kitu. Ukirudi nyumbani huonyesha nusu.

Usiudharau ugonjwa huu. Petroli ikikwisha njiani, maziwa huchacha kabla ya kufika penye mtambo wa kupozea. Ikikwisha katika mteremko ni hatari zaidi, kwa maana injini ikizima, breki za magari mengi huwa ngumu na usukani huwa mzito. Tena uchafu uliolala chini ya tanki huvutwa kuingia katika pampu.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: usinunue geji mpya kabla ya kupima. Mara nyingi geji yenyewe ni nzima, na ubaya uko kwenye waya au ndani ya tanki.

JINSI GEJI INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya tanki mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Petroli ikipanda, boya hupanda. Petroli ikishuka, boya hushuka. Mwisho wa pili wa mkono huo huteleza juu ya kipande kinachozuia umeme, mara kwa nguvu, mara kidogo. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na geji, hufuata waya mpaka tanki, kisha hurudi kwenye betri kwa njia ya bodi ya gari. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi huita arthi.

Basi fahamu kwamba geji haioni petroli. Huona umeme tu. Ni kama maji ya mfereji: yakizibwa juu, aliye chini hudhani mto umekauka. Kutu kidogo ikizuia umeme, geji hudanganyika, hata kama tanki limejaa.

KWANZA TAZAMA DALILI

Simamisha gari mahali palipo sawa. Ukipanda Mau Summit na mshale ukasogea kidogo, huo si ugonjwa, ni petroli iliyokimbilia upande mmoja. Geji nyingine za zamani ni za polepole, kwa hiyo fungua swichi ungoje dakika moja. Kisha angalia:

1. Geji ya petroli na geji ya joto zikikosea pamoja, ubaya uko mbele: fyuzi, arthi ya dashibodi, au kile kifaa kidogo cha kusawazisha umeme wa geji.

2. Mshale ukiruka unapowasha taa au indiketa, shuku arthi.

3. Mshale ukirukaruka katika barabara mbovu tu, shuku waya uliolegea.

4. Mshale ukienda vizuri kisha ukaanguka kila mara mahali pale pale, kwa mfano penye nusu, kipande cha ndani ya tanki kimelika hapo.

5. Mshale ukikaa chini siku zote ingawa umetia petroli, huenda boya limetoboka na kuzama, au waya umekatika.

KISHA PIMA

Fanya kazi hii nje, penye upepo, mbali na jiko, sigara na taa ya moto.

Anza na arthi, kwa sababu haigharimu kitu. Ondoa waya wa betri. Tafuta waya mfupi unaotoka karibu na tanki na kufungwa kwenye bodi. Fungua skrubu yake, sugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza sana. Rudisha waya wa betri utazame. Huenda kazi ikaishia hapo.

Kama mshale bado unadanganya, ijaribu geji yenyewe. Swichi ikiwa imefungwa, tafuta kiungo cha waya wa geji kilicho mbali na tanki, ukitenganishe. Fungua swichi. Mshale yapasa uende mwisho mmoja. Funga swichi. Sasa ule waya unaotoka kwenye geji ufunge imara kwenye chuma safi cha bodi, kisha fungua swichi tena. Mshale yapasa uende mwisho wa pili. Ukifika tu, funga swichi mara moja. Katika magari mengi waya ulioachwa huonyesha hamna kitu, na waya uliofungwa kwenye bodi huonyesha tanki limejaa. Mengine ni kinyume. Si kitu, mradi mshale umetoka mwisho mmoja mpaka mwingine.

Angalia sana: usiguseguse bodi kwa waya huku swichi ikiwa wazi, kwa maana cheche zitaruka. Funga waya kwanza, ndipo ufungue swichi. Tena, kama gari lako lina dashibodi ya kompyuta, au waya wa geji umefungwa pamoja na nyaya za pampu, usijaribu wewe. Mpe fundi wa umeme.

Mshale ukienda pande zote mbili, geji ni nzima na waya ni mzima mpaka pale ulipoutenganisha. Ubaya uko mbele ya hapo: katika waya uliobaki, arthi, au ndani ya tanki. Usiposogea, tazama fyuzi, kisha waya, na geji iwe ya mwisho.

KAZI YA TANKI NI YA FUNDI

Kufungua tanki si kazi ya nyumbani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama ukungu wa asubuhi, na unaweza kulifikia jiko lililo mbali nawe. Watu wa Nakuru hawajasahau tarehe 31 Januari 2009, huko Sachang'wan karibu na Molo. Lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuteka petroli, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Tena usidhani kwamba tanki tupu ni salama. Limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Usikubali mtu alichomelee tanki kwa moto kabla halijasafishwa na fundi anayeijua kazi hiyo. Wala usivute petroli kwa mdomo.

Ukimpelekea fundi gari, simama umwulize mambo matatu. Je, boya likitikiswa lina petroli ndani? Je, mkono wake umepinda au umekwama? Je, kipande unachoteleza juu yake kimelika? Fundi mzuri atakuonyesha kwa macho yako kabla ya kukuuzia kifaa kipya.

WAKATI UNAPONGOJA

Tumia kalamu na daftari. Jaza tanki mpaka juu, uandike kilomita zilizo kwenye mita. Tembea siku chache, ujaze tena mpaka juu. Tuseme umekwenda kilomita 160 na tanki likachukua lita 20. Basi gari lako huenda kilomita 8 kwa lita moja. Kama tanki ni la lita 50, petroli yote ni ya kilomita 400. Usingoje zifike. Tia petroli kila kilomita 300, na ukibeba mzigo mzito milimani, tia mapema zaidi.

NAWE UNAYETAKA KUNUNUA

Kabla ya kulipa, fungua swichi utazame mshale. Kisha nenda na mwenye gari mpaka kituo cha petroli, utie lita 10. Mshale usipopanda, gari si lazima ulikatae, lakini gharama ya fundi iondolewe katika bei. Ukinyamaza siku hiyo, gharama itakuwa yako.